Maji Ilirudi Wapi?

Munaniuliza kila mara, nyinyi batoto ba siku hizi, namna gani mutu anasimama ku muchanga ya Kashikishi, pembeni ya ziwa, anaangalia maji inapanda na kushuka ku miguu yake, kisha anasema: kitu ilianguka kule, fasi fulani, muende muangalie. Munaniuliza kama vile niko na dawa. Mi nilifanya ile kazi mpaka meno ilianza kutoka, na jibu yangu ni hii: sijue bien. Minajua kiloko, kidogo tu. Ile kiloko njo nitawapa. Kama nyinyi mutaelewa kunipita, mukuye munielezee, juu ingali inanisumbua kichwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuangalia maji. Musicheke. Biro yetu ilikuwa Nchelenge, na tulikuwa na mbao ya kupakwa rangi, imesimamishwa mu maji, moja Nchelenge pale, ingine Kashikishi karibu na soko. Asubui unaenda, unasoma maji imefika ku rangi gani, unaandika, unarudi kunywa chai. Bibi yangu, Mama Feza, alikuwa anaambia batu: "Bwana yangu banamulipa kwa kuangalia maji. Mi naangalia ile ile maji bure tangu nizaliwe." Batu banacheka. Na mi nacheka nabo. Ni kweli.

Mutu alinifundisha ni sefu yangu, Ba Chola, Mubemba wa hapa hapa, mutu mukimya, mwenye hesabu mu kichwa. Swahili yake ilikuwa ya soko: samaki, bei gani, punguza, kesho. Bemba yangu mi ilikuwa ya mutu alivuka ziwa kutoka Congo na bilauri moja na blanketi moja. Donc, basi, tulifundishana kwa beseni. Siku moja aliniambia nilete beseni, na mi nilileta ile ya Mama Feza ya kuoshea chisense, bile bisamaki bidogo munajua. Biro ilinuka mpaka wageni balikuwa banatusalimia ku dirisha, habaingie.

Ba Chola alijaza maji. "Funga macho, Ba Kasongo." Nilifunga. Alitupa kajiwe. "Fungua. Angalia pembeni tu, hapana katikati. Jiwe ilianguka wapi?" Mi nilisema huku. Ilianguka kule. Tena. Nilisema kule, ilianguka huku. Tulifanya vile juma nzima, na sikupata hata mara moja kwa haki, labda kwa bahati. Alinionyesha: upande iko karibu na jiwe njo inacheza ya kwanza, upande ya mbali inacheza nyuma. Ukijua nani alianza na nani alichelewa, unaanza kujua wapi. Kisha aliinamisha beseni, upande moja maji kiloko, upande ingine maji mingi, na nikaona wimbi inakimbia kwenye kina na inachoka kwenye maji kiloko. Bon, ile nilielewa. Lakini ile wimbi inagonga ukuta, inarudi, inakutana na yenzake iko inaenda, zinachanganyika, mwisho beseni nzima inatetemeka na mi pia natetemeka.

Musikilize, hapa njo fasi batu bote banapotea. Banafikiri kazi ni kujua kama kilima ikianguka mu ziwa, maji itafanya nini. Ile ni nyepesi, hata mi niliweza. Kazi yetu ilikuwa kuenda kinyume. Maji ilisha kufanya, ilisha kutulia, na we utafute nini ilianguka na wapi. Ni kama unaingia mu nyumba, unakuta sufuria iko chini na mboga imemwangika. Nani? Paka? Upepo? Bibi yako na hasira yake? Bote banaweza kabisa. Hesabu inakupa majibu mbili, tatu, zote zinakaa vizuri, zote zinakuangalia ku macho.

Kuna siku tulijua tumepata. Maji ilicheza ku mbao yetu ya Nchelenge, kisha ku ya Kashikishi, na Ba Chola alikaa asubui nzima anachora, anafuta, anachora. Jibu: kitu ikubwa mu katikati ya ziwa. Mi nilisha kuona mu kichwa ile nyoka ya ziwa ya hadisi za babu. Tulikuwa tunavaa viatu kuenda kumuambia mukubwa wa distriki, njo akaingia dereva wa boti ya unga, kutusalimia tu. Anatuambia namna alitoka asubui na mizigo mpaka juu, akafika mbali, akakumbuka amesahau abiria ku soko, akageuza boti yote kwa hasira. Ba Chola aliweka kalamu chini. Alisema "Awe," ni kusema hapana, basi. Na mi nilivua viatu.

Leo muko na mashini ya kupima maji mu tuyo, ile bomba, inaandika yenyewe, haichoke, hailale. Bon, ni muzuri, sikatae. Lakini ile siku nataka kuwaambia tulikuwa tumeisha kupata ya kwanza, mupya, inangaa, na majani ya mu maji iliingia mu tuyo ikaziba. Mashini iliandika: maji iko pole. Kumbe maji haikuwa pole hata kiloko.

Ile siku hapakuwa upepo. Mama Feza alitoka alfajiri na bachuuzi benzake, mu bwato ya motere, kuenda kununua chisense ku bavuvi. Siku zingine balikuwa banaenda upande yetu, kule ku njia ya Mununga, fasi kilima ya udongo mwekundu ilikuwa inasimama mu maji na bavuvi banajenga kambi chini yake. Siku zingine balikuwa banavuka, banaenda Congo, chini ya kilima ya mawe, juu kule kungali ndugu zetu. Nilimuuliza: "Leo wapi?" Alinijibu: "Nitaona ku bwato." Njo jibu yake ya kila siku. Anasikiliza bei, kisha anaamua. Sikumukatalia, nani anaweza kumukatalia Mama Feza?

Jua ilikuwa imepanda kiloko njo tukasikia makelele kutoka Kashikishi. Tulifika tukakuta soko kama watu wameamka vibaya. Maji ilikuwa imechukua chisense yote ya kuanikwa ku muchanga, imepindua mato ya bavuvi, imeingia mpaka ku mabanda, kisha imetulia kama vile si yeye. Mupasta alikuwa amesha kuanzisha maombi, mikono juu. Mwingine anasema ni mwisho wa dunia, mwingine anasema ni muchawi wa fulani, na yule fulani alikuwa anasimama pale pale anasikiliza. Ba Chola aliniangalia. Bila upepo, maji mingi vile, tulijua: kilima imeanguka fasi fulani mu ziwa. Na vilima bya kuanguka, vyenye mvua ya ule mwaka ilikuwa imelegeza, tulijua mbili tu. Ile ya Mununga, na ile ya mawe ya Congo.

Nilitoa simu kumuita Mama Feza. Rezo, mutandao, hakuna. Nilijaribu tena, hakuna.

Ku gati kulikuwa boti moja ya serikali, na petroli yake ilikuwa ya kuenda upande moja na kurudi. Kwa kuenda upande wa pili ilipashwa mutu aende mbali, muji ya Mansa, kutafuta ingine. Kapita wa boti, kijana wa nguvu, alikuwa amesha kushika kamba. "Wapi, ba sefu? Muniambie tu wapi."

Wapi. Sikujua hata niombe nini. Kama ni Mununga, Mungu, bibi yangu akuwe Congo. Kama ni Congo, Mungu, akuwe Mununga. Maombi yangu ilikuwa inavuka ziwa, inarudi, inavuka tena, na nafikiri Mungu mwenyewe alichoka.

Tulitafuta video. Batu balikuwa na video mingi, juu batu ba leo nyumba ikiwaka moto banatoa simu mbele ya kutoa mutoto. Lakini simu inatoka mambo ikiwa imesha kuanza. Hakuna hata moja ilishika mwanzo. Tuliona ile wimbi mubaya yenye ilifuata nyuma, mu video ya Kashikishi na mu video ya Nchelenge, na saa ya simu ilikuwa inaonekana, donc Ba Chola alijua ni wapi ilifika ya kwanza na ilichelewa kiasi gani kufika kwingine. Alipiga hesabu chini, juu ya karatasi ya kufungia mandazi. Alichora mustari. Na ile mustari, batoto bangu, ilipita kabisa ku kilima ya Mununga, ikaendelea mbele, ikavuka ziwa, ikaenda kugusa mawe ya Congo. Zote mbili! Ku mustari moja! Nilitaka kuipasua ile karatasi. Ni hesabu gani inaelekeza fasi mbili na inanyamaza?

Ba Chola alibakia pole. Alitia mukono mu ndoo ya mutu, akasukuma maji. "Angalia," anasema. "Udongo ikianguka, inasukuma maji mbele yake. Nyuma yake inaacha shimo. Mwenye kuwa mbele, maji inamupanda kwanza. Mwenye kuwa nyuma, maji inamukimbia kwanza." Mawe ya Congo inaanguka ikituangalia, ile ya Mununga inaanguka ikitupa mugongo. Kitu ya kujua ilikuwa moja tu: hapa kwetu, mara ya kwanza kabisa, maji ilipanda ao ilikimbia?

Mi nilikimbia kuuliza, juu batu ba pale balikuwa banasema Swahili yetu. Wa kwanza ilikuwa Mama Monga, mwanamuke wa kuanika samaki, alivuka kutoka Congo mwaka tulivuka shi. Alikuwa anakusanya bitu byake.

"Mama, maji ilifanya nini ya kwanza?"

"Ilirudi, Papa. Kwanza ilirudi, kisha njo balaa yote."

Nilienda kwa Papa Ngoie, muvuvi, bwato yake ilikuwa imepinduka karibu na mabanda. "Papa, ya kwanza ilikuwa nini?"

"Ilirudi," anasema. "Ilirudi na nguvu, kabisa kabisa."

Batu babili, neno moja! Mu kazi yetu, kiangazi ikiisha na ziwa ikianza kupanda ku mbao, tunasema maji inarudi. Miaka yote nilikuwa naandika: maji imerudi. Donc kwangu ilikuwa wazi kama jua: maji ilirudi, ilipanda, ilikuya kwetu. Nilipaza sauti mbio: "Congo! Ni Congo!" Kapita alivuta motere, motere ikawaka.

Ba Chola aliinua mukono. "Ngoja. Rudi ni nini?"

Nilimutafsiria haraka haraka: "Yabwela, mukwai. Amenshi yabwela."

"Yabwela kwi?"

Ilirudi wapi. Niligeuka, nikaangalia ziwa. Ilirudi wapi? Ilirudi kwetu ku muchanga? Ao ilirudi kwake mu ziwa? Eh! Mi mutu wa Swahili tangu ku titi ya mama, nilisimama pale kama mugeni mu luga yangu.

"Usiulize maji ilifanya nini," Ba Chola anasema. "Uliza mutu, ye alifanya nini."

Nilirudia kwa Mama Monga. "Mama, samahani. Ile saa ya kwanza, we ulifanya nini?"

"Nilikimbia!"

"Ulikimbia wapi?"

"Mu ziwa, Papa!" Alianza kucheka, na banawake benzake nabo banacheka. "Maji ilienda mbali kuleee, samaki ilibaki inaruka mu matope. Nani ataiacha? Bwana yangu anaenda kuitafuta mbali na nyavu yake, na mi naiokota ku mulango!"

Donc maji ilikimbia. Nilikwenda kwa Papa Ngoie. "Na we, Papa?"

"Mi? Mi nilitupwa. Nilijikuta ku muchanga na bwato juu yangu."

Donc maji ilipanda! Mumoja alikimbilia mu ziwa, mwingine alitupwa inje ya ziwa, na bote babili banasema ilirudi. Nilikaa chini. Ile boti inanguruma, kapita anauliza wapi, mupasta anaomba, na mi naona uso ya Mama Feza huku, naona uso yake kule.

Ba Chola mwenyewe alienda kuchuchumaa mbele ya Papa Ngoie, na Swahili yake ya soko. "Mbele ya kutupwa, we fanya nini?"

"Naangalia nyavu."

"Simama?"

"Nakaa."

"Kaa? Macho fungua?"

Papa Ngoie aliangalia pembeni. "Nilikuwa naegemea kiloko."

"Papa Ngoie!" banawake banapiga kelele. "Ulikuwa unakoroma! Shi tulikusikia!"

Batu balianguka kwa kucheka, hata mupasta alifungua jicho moja. Maji ilikimbia ikiacha bwato yake inakaa juu ya matope, na ye ndani yake, usingizi. Hakusikia kitu. Kitu ilimuamsha ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Monga: maji ilitukimbia.

"Mununga!" Ba Chola aliita kwa nguvu. Sikupata kumusikia anainua sauti mbele ya ile siku, wala nyuma yake. Tuliruka mu boti. Ku njia nilimuuliza: "Ba Chola, tuko na hakika?" Alijibu: "Awe." Mi niliogopa kumuuliza tena.

Tulianza kuona maji mwekundu mbele ya kuona kilima. Kisha tulifika, na kilima haikuwa. Ilikuwa imeshuka yote na miti yake, na kambi ilikuwa chini. Batu balikuwa banashika mato ya kupinduka, bengine mu matope mpaka ku kiuno, banatuita na sauti imekwisha. Tulibavuta. Tulivuta na kasia, na kamba, na mikono. Kila kichwa ya mwanamuke mwenye kitambaa, mi nilikuwa naita "Feza!" na kila mara uso ilikuwa ya mwingine, na mi nilikuwa nafurahi na kusikia haya mara moja. Wa mwisho kumutoa ilikuwa muvuvi moja, mwanaume, na alikuwa amesha kufa. Mumoja wa bale tuliokoa aliniambia: bibi yako alikuwa hapa, alinunua, motere yao ikaondoka mbele kiloko ya udongo kushuka.

Donc alikuwa juu ya maji wakati wimbi ilipita. Nilianza kulia. Ba Chola alinishika bega, anasema kule ku kina wimbi ni fupi, inainuka tu ikifika ku muchanga. Nilimuambia aachane na beseni yake.

Tulifika Kashikishi muchana ukiwa unaisha, na Mama Feza alikuwa njo ameshuka ku bwato sasa hivi, anakaa juu ya magunia yake, anagombana na mubebaji. Aliniangalia. "We! Matope mpaka ku masikio! Ulianguka wapi?"

"Wimbi," nilisema.

"Wimbi gani?"

Hakujua kitu. Ilipita chini yake, ile kitu ilinipoteza akili siku nzima, na ye alikuwa anakula karanga na bachuuzi benzake. "Labda nilisikia kiloko," anasema, "kama mutu anageuka mu kitanda." Nilikaa ku muchanga mbele ya soko yote nikalia kama mutoto, na sikuona haya.

Kisha balishusha yule maiti ku boti. Banawake ba kuanika samaki balikuya kuangalia, kama bote. Mumoja alisimama. Ilikuwa Mama Monga. Bwana yake asubui alimuambia anaenda upande wa Congo, na ku njia labda alibadilisha, kama Mama Feza alikuwa anabadilisha, kama bote hapa tunabadilisha.

Nyuma ya maziko nilienda kumuona. Alikuwa anakaa inje ya nyumba, juu ya mukeka, miguu mbele. Nilimusalimia, alinijibu vizuri. Kisha aliniuliza: "Papa Kasongo, we unajua hesabu ya maji. Ile saa maji ilirudi mu ziwa, na mi nikakimbia mu matope, nikacheka, ye alikuwa angali muzima?"

Batoto bangu, mawazo ilianza kufanya kazi yenyewe, siwezi kuikataza. Kutoka kilima mpaka ku miguu yake, wimbi inatembea kiasi gani, kina iko namna gani, ile niliweza kuijua, Ba Chola alinifundisha. Lakini mutu chini ya udongo anakaa kiasi gani? Nilifungua mudomo nianze kumuelezea mambo ya kina. Nikaifunga.

"Sijue, Mama."

"Hujue?"

"Sijue."

Alivuta miguu yake, akaniachia fasi ku mukeka. "Bon," anasema. "Kama hujue, kaa."

Nilikaa.